Kumbe hata kufiwa kuna tarehe ya mwisho

Leo nimejua kuwa mjane anaweza kuchelewa kufiwa. 🙃

Nimemsindikiza mama mkubwa kutoka Kituntu mpaka mahakamani. Mumewe aligongwa na lori akipeleka kahawa kuuza, na anataka kudai fidia.

Tumefika saa mbili kamili. Karani kaingia saa nne.
"Samahani, nilikuwa na kikao kidogo."
Usijali bosi, migomba yetu inajipalilia yenyewe.

Kafungua faili, kalifunga.
"Mama, umechelewa. Muda wa kufungua dai hili umeshapita."

Mama mkubwa kajibu kwa adabu zote: "Baba, mlisema nisirudi bila kuwa msimamizi wa mirathi. Anayenichagua ni ukoo, na ukoo haukai kabla ya kuanua matanga. Tukawasubiri shemeji zangu wa Kimuli wamalize kuvuna."

"Sheria haisubiri vikao, mama."

Vya ukoo, nadhani. Vya kwake inasubiri vizuri tu.

Nikauliza tufanyeje. Eti tuombe kuongezewa muda, na tueleze sababu ya kila siku tuliyochelewa.
KILA SIKU, jamani!
Na majibu yatatoka lini?
"Aah, hayo hayana muda maalumu."

Mama mkubwa kajifunga kitenge vizuri, kanigeukia, kasema kwa sauti ya kanisani:
"Mwanangu, andika. Na leo, saa mbili mpaka saa nne, tuweke sababu gani?"

Wanasheria wa humu, tusaidieni. Karani tumemwacha bado anaitafuta hiyo sababu.