Bwana Maji na Siku ya Ziada

Shemeji yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti atakizungusha kwanza, atakalia ukingo wake kama kuku asiyejua atage wapi, na ukigeuka kuchukua kikombe utamkuta dirishani anautazama mlima. Dada yangu husema aliolewa na miguu, kiwiliwili huja siku moja moja kubadilisha nguo. Shemeji amekuwa kiongozi wa wapanda mlima tangu mimi nikiwa shuleni, na kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wapagazi, wapishi, hata wageni wanaokuja mara moja tu maishani, wote wanamwita Bwana Maji, kwa kuwa kutoka getini hadi kwenye theluji neno lake ni moja: kunywa maji. Hata siku ya harusi yangu alimwambia hivyo bwana harusi, alipomwona anatoka jasho mbele ya wakwe.

Mimi nashona. Nimeajiriwa na kampuni hiyo hiyo anayofanyia kazi yeye, nami nakaa stoo, ghorofani juu ya ofisi, na cherehani moja inayolia kama mbuzi. Mahema yakichanika, zipu zikikataa, mikanda ya mizigo ikikatika, vyote vinaletwa kwangu vikiwa bado na vumbi la huko juu. Mlima wenyewe sijawahi kuupanda wala sina hamu nao. Mtu mwenye kitanda chake akalale kwenye mawe ili iweje? Lakini nimeusikia sana nyumbani kwa dada, kiasi kwamba naweza kumwelekeza mtu njia.

Nimeusikia kwa sababu Bwana Maji hupangia safari zake kwenye meza ya chakula. Ofisini wana ramani kubwa ukutani, ila yeye anataka kitu cha kushika mkononi. Basi birika huwa ndilo kilele, kopo la sukari kambi ya mwisho, vikombe kambi za njiani, na kijiko ndio wageni. Akiweka kisahani chini ya kikombe, maana yake hapo watu watalala mara mbili ili miili izoee hewa nyepesi. Wakati huo usithubutu kugusa sukari. Niliwahi kumwambia, "Shemeji, kilele kinapoa, tunaomba chai," akanijibu nisubiri wageni washuke.

Hapo mezani ndipo nilipoijua kazi yake. Kila jioni kambini humzungukia kila mgeni na maswali yale yale: kichwa kinaumaje, umekula nini, umelalaje. "Anayelalamika huyo mzima," hutuambia. "Anayesema niko sawa kabla sijamaliza kuuliza, huyo ndiye simwondolei macho." Na akiona mtu ameshindwa, habishani naye. Humwendea kwa nyuma, akamvua mkoba mgongoni, akauvaa yeye. Anasema mtu mwenye mkoba mgongoni bado ana hoja, lakini ukishauchukua, miguu yake yenyewe inageuka kushuka. Wengi hulia. Karibu wote huuliza kama wataweza kupanda tena siku nyingine, na swali hilo yeye halijibu kamwe, kwa sababu hataki kumdanganya mtu anayeshuka. Huwaambia tu, "Angalia unapokanyaga."

Sasa wakaja wakimbiaji. Lilikuwa kundi la vijana wa klabu moja ya riadha, wote mapaja matupu na meno meupe kwenye picha walizotutumia, na bosi wetu alikuwa ameshawapangia safari fupi. Jumapili shemeji akapanga vikombe vyake kama kawaida, lakini mara hii havikutulia. Aliweka kisahani kambi ya katikati, akakitoa, akakirudisha. Akaenda dirishani. Akarudi, akakisogeza kambi ya juu yake, akatikisa kichwa, akakirudisha tena. Akampigia simu msaidizi wake, kisha akakata kabla haijapokelewa.

"Baba watoto, hebu tulia," dada akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Hawa ni wakimbiaji, mama. Watapanda kama wanaofukuzwa na mbwa, halafu waniangukie wote kambi ya mwisho. Lazima wapate siku ya ziada hapa katikati."

Nilimwamini. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Hata mimi mshona zipu najua kwamba wenye misuli ndio hubebwa. Kilichonikera ni kile kisahani tu, kilivyokuwa kikigongagonga chini ya kikombe kila alipokigusa.

Kesho yake bosi alipanda stoo kwangu. Ni mama mmoja mwenye sauti ya king'ora, ukimsikia ghorofa ya chini unaanza kutafuta kosa lako.

"Shemeji yako ana nini?" akauliza. "Vijana wa riadha anawawekea siku ya kupumzika, utadhani anapeleka mabibi harusi!"

"Muulize mwenyewe, bosi."

"Nimemuuliza. Amenihutubia mpaka nimekubali." Akachukua hema nililokuwa nalishona, akalinusa, akaliacha. "Lakini hana raha yule. Anazungukazunguka ofisini kama amepoteza funguo."

Alipoondoka nikabaki nimekereka bila kujua nimekerwa na nini. Siku mbili hivi baadaye akaja shemeji mwenyewe. Nilimsikia akianza kupanda ngazi, kisha kimya. Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati, ameshika ukuta, anautazama kama fundi rangi.

"Umeona nini ukutani, shemeji? Tangazo la kazi?"

"Rangi hii imechoka," akasema. Akamalizia ngazi zilizobaki, akaegemea mlango wangu. "Nataka unishonee mto wa kulalia. Mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Mtu akiulalia, kifua kiwe juu."

"Wa nini?"

"Kuna mgeni ana mgongo mbovu."

"Mkimbiaji mwenye mgongo mbovu? Anakimbia kwa makalio?"

Siku nyingine angenirudishia, maana mimi na yeye tumetaniana tangu alete posa. Siku ile alisema tu, "We shona, bwana," akageuka na kuondoka, na mara hii kushuka alishuka haraka.

Nilishona. Nilichukua magodoro chakavu ya kambini, nikayakata, nikayapanga kwa mteremko, nikaufunika mto kwa turubai laini la hema bovu. Ukatoka mzuri, siwezi kujinyima sifa. Jumamosi mchana, safari ikiwa ni keshokutwa, nikaukumbatia na kuupeleka nyumbani kwao ili aupakie kwenye mizigo yake.

Dada alikuwa peke yake, anapiga pasi. Wanakaa ghorofa ya pili, sebule ndogo, meza ya chakula imebanwa kwenye kona na kochi kubwa limekula nafasi yote iliyobaki. Kochini kulikuwa na blanketi lililokunjwa na rundo la mito, mmoja juu ya mwingine, mpaka karibu na mkono wa kochi.

"Nani mgonjwa?" nikauliza.

"Hakuna mgonjwa. Shemeji yako analala hapo."

"Mmegombana?"

"Tungegombana ningejua la kufanya." Akaiweka pasi chini. "Tangu ashuke safari ile ya mwisho. Mara kitanda kina joto, mara godoro limebonyea. Akilala chali anaamka anakohoa, anakwenda dirishani, anarudi. Anapata usingizi akiwa amekaa, kama mlinzi wa benki."

Nilikwenda nikauweka mto wangu kochini, pembeni ya lile rundo. Mteremko ulikuwa ule ule, kana kwamba nimepimia pale pale. Dada akauangalia mto, akaniangalia mimi.

"Huo wa nani?"

"Aliniambia wa mgeni mwenye mgongo mbovu."

Akavuta kiti, akakaa. Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa cha mezani, nikaichomoa mimi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Rangi ya ukuta! Mwanaume mzima anasimama katikati ya ngazi kumi na kitu kuvuta pumzi, na keshokutwa anataka kupanda kule ambako hata vijana wazima wanapepesuka.

"Ulimuuliza?" nikamwambia dada.

"Nilimuuliza. Akasema yuko sawa."

"Kabla hujamaliza kuuliza?"

Dada alifunika uso kwa shati alilokuwa akilipiga pasi. Hakulia kwa sauti, na hilo liliniumiza zaidi.

Shemeji alipoingia hakutuona tulivyokaa. Alikuwa na mkoba wake mgongoni, ule wa miaka yote ambao mikanda yake nimeibadilisha mwenyewe mara kadhaa, na kabla hajasalimia vizuri alikuwa ameshafika mezani anatafuta birika. Kikao cha mwisho na msaidizi na wapishi kilikuwa jioni ile ofisini, akataka kuipitia njia tena. Kikombe, kikombe, kikombe. Kopo la sukari. Kisahani chini ya kambi ya katikati.

"Kichwa kinaumaje?" dada akamuuliza.

Akacheka. "Kichwa cha nani?"

"Umekula nini leo?"

"Mama watoto, mimi si mgeni."

"Na unalal..."

"Niko sawa," akasema.

Alikuwa ameshika kijiko, kile cha wageni, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kwa sababu sikio lake lilikuwa limesikia kile ambacho mdomo wake umesema. Amewasikia watu wangapi wakimjibu hivyo? Akakiweka kijiko chini. Ndipo akauona mto kochini.

"Kumbe umeuleta," akaniambia.

"Nimeuleta. Mgeni wako mwenye mgongo mbovu yuko wapi nimkabidhi?"

"Shemeji, usianze."

"Naanza! Siku ya ziada ni ya nani? Wakimbiaji wazima walale kambini mchana kutwa wanasubiri pafu lako?"

Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Yeye hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akaenda dirishani. Akarudi. Akashika mgongo wa kiti, akauachia.

"Nikipata siku moja pale katikati, nitapumua," akasema. "Nimepiga hesabu vizuri. Natembea nyuma na wale wanaochoka, msaidizi atangulie mbele. Nalala nimeinuka. Nikishuka nakwenda hospitali, naapa. Mnataka nifanye nini? Nikae hapa? Nikae hapa nifanye nini?" Hilo la pili alimuuliza dada. "Ukiniambia nitafanya nini kwenye kiti hiki, nakaa."

Naujua mlima kwa vikombe tu, lakini yeye namjua, na nilijua kwamba anaogopa kiti kile kuliko anavyoogopa kufa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo wetu nilimwonea huruma, na huruma haikupunguza hasira hata kidogo.

"Nachelewa kikao," akasema, akavuta mikanda ya mkoba begani. "Tutaongea nikirudi."

Akageukia mlango. Dada akainuka, akamfuata kwa nyuma. Aliingiza mikono chini ya mikanda, mmoja kila bega, akaunyanyua mkoba kidogo ili uzito uondoke, akauvuta. Sijui alijifunza lini. Nadhani ni kwa kumsikiliza tu miaka yote ile, akisimulia. Nilidhani shemeji atang'ang'ania. Mabega yake yakashuka, mikono ikarudi nyuma yenyewe, mkoba ukatoka. Dada akauvaa juu ya kanga yake, akafunga mkanda wa kiunoni kama nilivyoushona, akachukua funguo.

"Hospitali wanapokea mpaka jioni," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Nenda kwa bosi. Mwambie msaidizi ndiye atakayeongoza."

"Na siku ya ziada?" nikauliza, kwa kuwa sikujua niulize nini.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Waiache," akasema. "Wanaihitaji kweli wale." Akatazama meza yake, birika na vikombe, kana kwamba ameacha watu huko. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nitapanda tena?"

Hakutuuliza kwa utani. Mimi nilikuwa tayari kumwambia ndiyo, bila shaka, mwakani tu, chochote cha kumtoa ile sura usoni. Dada alikuwa ameshafungua mlango, yuko ngazi ya juu kabisa, mkoba mgongoni, mkono ameunyoosha nyuma ili aushike.

"Angalia unapokanyaga," akamwambia.