Barua Iliyosema Nyumbani

Kazi yangu ni kuwachapia watu barua. Nina kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayokwamisha karatasi kila ikipata joto, na kibanda jirani na ofisi za wilaya, hapa Bagamoyo. Anayeomba kazi, anayelalamikia mpaka wa kiwanja, anayeacha kazi kwa hasira, wote nawaandikia na wote nawagombeza: kumbukumbu namba ina mahali pake, na "Yah:" lazima ipigiwe mstari. Barua ikipita mikononi mwangu, sidanganyiki kirahisi.

Siku hiyo mama mkwe alikuja kutoka Mbegani bila hata kupiga simu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitolee hii kwenye karatasi," akasema, akanipa simu yake.

Ilikuwa habari ya gazeti moja la mtandaoni, na chini yake picha ya barua ya jeshi: askari wetu waliokwenda kulinda amani nchi ya watu watarudi kabla ya Ramadhani. Mwanawe ni mmoja wao. Mwanawe ndiye mume wangu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu aondoke. Naona haya kusema nilivyomtamani, lakini nitasema. Upande wake wa kitanda nilikuwa nimeuwekea nguo za kupigwa pasi, ili pasiwe patupu.

Niliisoma barua ile mara ya kwanza kama mke, machozi yakanitoka mbele ya wateja. Mara ya pili nikaisoma kama mchapaji. Muhuri ulikuwapo. Kumbukumbu namba ilikuwapo. "Yah:" imepigiwa mstari. Moyo ukaanza kutulia, mpaka nikafika sentensi ya mwisho: "Askari hao watarejea nyumbani kwa familia zao."

Nyumbani. Nina bahasha ya karatasi zote za mume wangu, za ruhusa na za uhamisho, nazijua kwa ghibu. Karatasi ya ruhusa inataja siku atakayorejea, na anarejea kikosini. Akija kwetu, kwa lugha yao hajarejea popote. Tulikuwa tukitaniana hivyo mlangoni. Namuuliza, "Umerejea?" Naye, begi bado begani, ananijibu, "Sijarejea, nimepewa ruhusa. Nitarejea Jumatatu." Nilikuwa nacheka, na Jumatatu ile naichukia.

Sasa nani huko jeshini angeandika "nyumbani"? Barua ilikuwa ya kughushi. Nilimwona aliyeichapa barua ile kama namjua: mtu kama mimi, naye ana mtu wake anayemngoja. Nikashindwa hata kumkasirikia.

Nikatoa nakala, nikampa mama, nikanyamaza. Mimi ninayegombeza watu kwa mstari mmoja uliopinda, nikanyamaza. Akarudi Mbegani akawa anaanika godoro la mwanawe kila asubuhi, akatafuta ngano ya kumpikia bokoboko, akanipigia kuuliza kama bado anapenda pilipili ya kuwasha sana. Nikamwambia bado.

Siku ya nne redio ikasema jeshi limeikana barua ile, si yao, na watu waache kuisambaza. Nikafunga kibanda, nikachukua bajaji hadi Mbegani. Godoro lilikuwa uani, limeegemezwa ukutani. Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi haijaguswa.

"Nimesikia," akasema. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Hukuniambia."

"Nilitaka niwe nimekosea. Nisamehe."

Akaisogeza nazi pembeni. Kisha akataka kujua nilijuaje. Nikamweleza habari ya kikosini na nyumbani, kama ninavyowaeleza wateja, ila sauti yangu haikuwa ya kugombeza. Akafungua fundo la khanga, akatoa ile karatasi, imekunjwa mpaka imelainika.

"Yaani wao hawaandiki hivi?"

"Hawaandiki."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mama."

Akanipa. "Miwani yangu iko ndani. Nisomee hapo tu."

Nikasoma: askari hao watarejea nyumbani kwa familia zao. Akaniambia nirudie, nikarudia, na safari hii sikuweza kufika mwisho. Nilipotaka kuichana akanishika mkono.

"Kaiweke na zile zake nyingine," akasema. "Angalau moja iseme 'nyumbani'."

Nikaitia mkobani. Kisha tukalishika godoro, yeye huku mimi kule, tukaliingiza ndani.