Mama Midomo na Mteja wa Ulimi Mmoja

Shangazi yangu ana mdomo, na nasema hivyo kwa maana zote mbili. Kwanza ana ule wa kusema, na anautumia tangu anafungua duka mpaka anafunga. Pili, anauza midomo: ya klarineti, ya saksofoni, ya matarumbeta, yaani kile kipande anachotia mwanafunzi kinywani ili apulize. Anauza na ndimi. Ulimi ni kibanzi chembamba cha mwanzi kinachofungwa chini ya mdomo wa klarineti; ukipuliza kinatetemeka, na hapo ndipo sauti inapatikana. Vitabuni huenda vitu hivi vina majina ya heshima, lakini dukani kwetu ni midomo na ndimi, na mtaa mzima unamwita Mama Midomo. Hajawahi kulikataa jina hilo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kati ya fundi saa na kinyozi. Kuna kaunta ya kioo, taa ya mezani, glasi ya maji, pamba na chupa ya spiriti. Mwanafunzi akiingia, shangazi hamuulizi anataka nini. "Cheka nione," anamwambia. Mtoto anacheka, meno yanakaguliwa. Mwenye pengo la mbele anaambiwa aisahau klarineti mpaka jino liote. Mwenye midomo minene anapewa mdomo wa tarumbeta wenye kikombe kipana, "usijibane bure, mwanangu, Mungu amekupa." Ndimi nazo anazichagua mmoja mmoja. Anauinua ulimi kwenye taa aone kama kivuli cha katikati kimekaa sawa pande zote, anauchovya majini, anaubonyeza ncha kwa ukucha wa kidole gumba. Sanduku zima linatoa mbili tatu za maana, nyingine ni za kujifunzia, na mteja anaambiwa hivyo bila kufichwa.

Wazazi ndio kazi. Ndimi zina namba, ndogo ni laini na kubwa ni ngumu, lakini nani atawaeleza? Baba mmoja alitupigia kaunta: mwanawe ni wa kwanza darasani, hawezi kupewa namba mbili, apewe namba moja! "Mpe, baba," shangazi akamjibu, "akipuliza akitoa sauti ya bata, usije kuniuliza mayai." Mama mwingine akataka namba tano ili imfae binti yake akikua. Binti alipuliza mpaka macho yakamtoka, na klarineti ikakaa kimya. "Mama," shangazi akasema, "ulimi si sare ya shule."

Sasa nieleze mimi, mwanamke wa namna hiyo anapotezaje maneno?

Anayapoteza mbele ya mteja mmoja tu, mwalimu wa bendi wa shule ya kule juu. Shangazi alikuwa mjane wa miaka mingi, na mwalimu naye alifiwa na mkewe zamani. Shati lake lilionyesha kwamba anajipigia pasi mwenyewe. Kila Ijumaa alifika, akasimama mbele ya kaunta, akakohoa kidogo.

"Naomba ulimi mmoja. Wa klarineti. Namba mbili na nusu."

Mmoja! Watu wananunua sanduku. Na shangazi yangu, aliyemshinda maneno yule baba wa namba moja, alijibu, "Haya." Basi. Kisha alivuta taa, akafungua sanduku jipya, akazichambua ndimi zote mpaka akapata ule ulio bora kabisa, akamfungia kwenye kijaladi. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaangalia dari, akaondoka.

"Nimesema nini?" shangazi aliniuliza kila mara, mlango ukishafungwa.

"Umesema haya."

"Tu?"

"Tu."

"Uwiii, maskini mimi!" Na mimi napigwa kibao cha bega, kana kwamba kosa ni langu.

Alikuwa anampenda. Nalisema waziwazi kwa sababu aliniambia mwenyewe, akiwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kufutia klarineti. Nilifurahi, halafu nikakasirika, maana mwaka mzima ulipita kwa haya na asante. Mimi nikipenda mtu anajua siku hiyo hiyo.

Ndipo Ijumaa moja mwalimu akaongeza maneno. Shule imepata klarineti mpya, alisema, Jumatatu atawaleta wanafunzi wachaguliwe midomo na ndimi. Baada ya hapo shule itaagiza ndimi kwa maboksi. "Kwa hiyo mama, sitakuwa na sababu ya kuja kukusumbua tena."

"Haya," akasema shangazi.

Nilitamani kummwagia glasi ya maji. "Jumatatu ndiyo mara ya mwisho," nikamwambia. "Ukisema haya tena, mimi nahamia kwa kinyozi." Akaogopa kweli. Jumapili nzima tulifanya mazoezi sebuleni, mimi nimevaa koti la marehemu mumewe, najifanya mwalimu. Alitakiwa kusema sentensi moja tu, "Mwalimu, karibu hata bila kununua." Aliisema mbele ya kioo, mbele ya jiko, mbele ya paka. Mbele ya koti akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu wanafunzi wakaingia kwa makelele, duka likajaa. Kwa watoto shangazi hana shida. "Cheka nione! Wewe hayo meno umeyapiga mswaki au umeyaonyesha tu? Haya, mwingine!" Lakini mwalimu alipoisogelea kaunta, mikono ikaanza kupotea. Akamfungia mvulana mdomo wa saksofoni kwenye klarineti, ukamning'inia kama kofia ya babu. Akampa binti mdogo kuliko wote ulimi wa namba tano. Binti akapuliza, mashavu yakavimba, kimya. Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Binti akautoa ule ulimi kinywani, kakasirika. "Mwalimu, kwani lazima tununue? Si tutumie zile za kwenye droo yako?"

"Droo gani?" nikauliza mimi.

"Ya mezani kwake. Imejaa ndimi, kila mmoja na kijaladi chake. Hajafungua hata mmoja."

"Sasa hiyo klarineti yake anaipigia nini?"

Binti akanitazama kwa huruma. "Mwalimu hana klarineti. Mwalimu anapiga tarumbeta."

Tarumbeta halina ulimi. Lina mdomo wa chuma, unapuliza, basi. Hilo kila mtu mle ndani alilijua, hata kinyozi aliyekuwa amechungulia mlangoni na mkasi wake. Mwalimu akaangalia dari. Nikamgeukia shangazi, na nikaona mdomo unafunguka.

"Mwaka mzima!" akaanza. "Mwaka mzima nachambua masanduku! Macho yananiuma kwa taa! Nakupa wewe zilizo bora, wateja wangu wanabaki na makapi, kumbe unapiga TARUMBETA?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama! Kwa nini hukusema?"

"Mdomo ulikuwa mzito."

"Mdomo!" Shangazi akaipiga kaunta kwa viganja vyote viwili. "Umesimama mbele ya kaunta iliyojaa midomo na ndimi, mwalimu! Ungeomba hata wa kuazima!"

Watoto walipiga kelele, kinyozi akapiga makofi, na mwalimu akacheka kicheko kikubwa ambacho sikudhani kinaweza kukaa ndani ya shati lile.

"Na wewe?" akasema. "Kila nikija unaniambia haya. Nikajua nimekuchosha. Nimewasumbua wakuu wangu mwaka mzima wanunue klarineti, ili nipate sababu ya kukaa hapa zaidi ya dakika moja. Sasa sababu imekwisha. Naomba nije Ijumaa bila kununua kitu."

Ilikuwa sentensi ile ile ya mazoezi, tena kaisema yeye, shangazi alitakiwa kuijazia tu. Akavuta pumzi. Akanitazama. Masikio yamekuwa mekundu.

"Haya," akasema.

Miezi michache baadaye tulikuwa kwa msajili wa ndoa. Bendi ilisubiri nje na zile ndimi za kwenye droo, bora kuliko zote mjini, na bado klarineti zilikuwa zinalia kama bata. Msajili akamwuliza shangazi kama amekubali kuolewa na huyu. Ukumbi mzima ukatulia kungoja hotuba ya Mama Midomo.

"Haya," akasema shangazi, kwa sauti ndogo.

Msajili akainua kalamu. "Hilo silo jibu, mama. Sema nimekubali."

"Mwache," mwalimu akamwambia. "Mimi hilo nalielewa."