Kilima cha Kuvua Viatu

Nilipofika chini ya kilima chetu Desemba iliyopita, kijana mmoja anayetembeza wageni aliniambia nivue viatu. Alinieleza kwa upole kwamba mahali hapa ni patakatifu, na kwamba desturi hii ililetwa na mapadri wa zamani kwa kumfuata Musa mbele ya kile kichaka kilichowaka moto. Wageni wenzangu, waliokuwa wametoka Nairobi na kamera zao, wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilivua viatu huku nikijiuma midomo nisicheke. Musa hakuhusika hata kidogo, rafiki yangu. Waliohusika ni susu yangu, jirani yake, na mvua ya Aprili.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani. Huyu wangu aliishi karibu na kilele, katika nyumba ya matofali iliyozungukwa na mkonge, nami nilikaa naye miaka yangu yote ya shule ya msingi, katika ile miaka ya tisini. Asubuhi tukifungua mlango tuliona maji ya bwawa la Masinga yaking'aa mbali kule chini. Juu yetu kidogo kulikuwa na kanisa la mawe, dogo, lenye mabati ya kutu na rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini kuwa kengele. Altare yake aliijenga babu kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Kazi yangu ya Jumapili ilikuwa kuipiga ile rimu, na niliipiga mpaka mbuzi wakatawanyika, lakini walioitikia walikuwa wachache tu, wazee na wajukuu wao. Wengine wote walikuwa wamehamia kanisa jipya la sokoni, ambako ardhi ni tambarare.

Mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka mmoja padri alipanda kwetu, akasoma misa huku bado anahema, kisha akatutangazia kwamba kanisa lingefungwa baada ya Pasaka. Mabati yangeshushwa yakaezeke darasa la chekechea kule sokoni. Hakuwa mtu mbaya, na alilisema jambo hilo kwa huzuni. Susu akasimama.

"Padri, mkifunga hapa, siku yangu ikifika mtaniombea wapi? Kule sokoni, karibu na bucha?"

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Alitaka jeneza lake lisimame mbele ya altare ile, pale lilipokuwa limesimama la mumewe. Nilishikwa na hofu, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia susu akimwomba mtu kitu.

"Mwaitu, watu hawawezi kupanda huku," padri akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Hii njia ni ya mbuzi."

"Na tukitengeneza ingine?"

Padri alifikiri kidogo. "Mkinipa njia ambayo hata mzee wa mkongojo anaweza kupanda, Ijumaa Kuu tutafanyia Njia ya Msalaba hapa. Kanisa ikijaa, inabaki. Isipojaa, mwaitu, tusilaumiane."

Jioni hiyo hiyo susu alinishika mkono tukateremka kwa jirani, kiongozi wa mwethya. Mwethya ni kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Jirani huyu alikuwa Mprotestanti wa kufa na kupona, mama mwenye kifua kipana na filimbi shingoni, na hakuwa amekanyaga kanisa letu hata siku moja. Nilijua atakataa. Alimsikiliza susu mpaka mwisho, akamtazama kana kwamba ametukanwa.

"Kwani wewe ukichimba shamba yangu nani alikuuliza dini? Jumamosi, mapema. Na muthokoi ikuwe na mafuta."

Nikumbuke nini, niache nini kuhusu zile Jumamosi! Filimbi ililia kabla jogoo wetu hajamaliza kuwika. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja kwa kufuata wimbo, na udongo mpya ukanukia mlima mzima. Sisi watoto tulibeba maji na kuchochea moto chini ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayotokota na maharagwe tangu alfajiri, na ninakuhakikishia hakuna hoteli iliyowahi kunilisha vile. Asiyetokea kazini alijuta. Akina mama walienda kwake wakiimba, wakachukua sufuria yake kubwa, akaikomboa kwa sukari. Mwalimu mkuu wetu alipokonywa yake mara moja tu. Jumamosi iliyofuata alikuja na jembe, tai shingoni.

Wiki ya mwisho njia ilikuwa imekamilika, pana, ikipanda kwa kupindapinda, na kila kituo kina msalaba wa mti wa mkonge. Susu aliipanda yote akiwa ameubeba mkongojo wake begani, kwa maringo tu.

Alhamisi ikanyesha. Ilinyesha tangu mchana hadi tukalala, mvua ile tunayoililia miaka nenda miaka rudi. Ijumaa asubuhi tulipotoka nje, njia yetu ilikuwa imejaa maji kutoka chini mpaka juu. Hakuna tone lililokuwa limeteremka.

Jirani alishika kichwa. "Aiya! Tumechimba mtaro!"

Na kweli. Mama wa Machakos akishika jembe mlimani, mikono yake inajua kazi moja. Huchimba mtaro, udongo anaurusha upande wa juu, ili maji yasimame mahindi yanywe. Hakuna aliyewafundisha kuchimba njia, basi wakachimba walichokijua, na wakakichimba vizuri mno.

Watu walianza kufika kutoka Ekalakala na hata Kithyoko, umati ambao sikuwahi kuuona, wote wamevaa viatu vya kanisani. Walifika ukingoni mwa yale maji mekundu wakasimama. Padri alitazama maji, akatazama saa. Nyuma kabisa wengine walianza kugeuka kurudi sokoni, na mimi nikaanza kulia.

Susu aliinama akavua viatu. Akapandisha sketi yake ya sare ya akina mama wa kanisa, akaingia.

"Tangu Januari mnaomba mvua," aliwaambia. "Imekuja. Sasa mnaikimbia?"

Kicheko kilianzia mbele kikaenda hadi nyuma. Jirani aliingia majini akamshika kiwiko, Mprotestanti yule, kwenye kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba. Kisha padri akapiga goti na kufungua kamba za viatu. Baada ya hapo sikuona tena nchi kavu, niliona watu tu, viatu mikononi, tope magotini, wakiimba na kushikana wasiteleze. Vikongwe walibebwa na vijana. Mwalimu mkuu alianguka chali, akainuliwa akiendelea kuimba.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Padri alisimama mbele ya altare, kanzu imeloa, akatutazama sisi na miguu yetu. "Mabati," akasema, "yatabaki pale yalipo."

Ijumaa Kuu hakuna apigaye vigelegele. Susu alipiga. Padri aliinamisha uso akangoja amalize, na nilimwona akitabasamu.

Mwaka uliofuata njia ilikuwa kavu, lakini watu walivua viatu hata hivyo, na wageni wakaanza kuja kuona. Leo njia ni ya saruji, imejengwa na kontrakta. Filimbi haisikiki tena. Mashamba yanalimwa na vibarua, na wale akina mama waliochimba kwa wimbo wamebaki wawili. Hilo linaniuma, sikufichi, na ningetoa mengi kusikia majembe yale Jumamosi moja tu.

Susu alituacha nilipokuwa nimeshaanza kazi. Padri mgeni alipendekeza misa isomewe chini, kwenye uwanja wa shule, maana watu walikuwa wengi mno. Tulikataa kwa sauti moja. Tulimpandisha taratibu, tukamweka mbele ya altare ya babu, na watu wakajaa ndani, wakajaa uani, wakasimama mpaka katikati ya mahindi. Kanisa lile lililotaka kufungwa kwa kukosa watu halikututosha.