Disko la Orijino

Kama humjui Dauto wa Mocímboa, basi wewe hukuoa mjini hapa, au ulioa kwa kujificha. Hakuna arusi iliyopikiwa pilau ambayo Dauto hakuitolea kamera akasimama mbele ya macho ya watu. Mwenyewe husema, mkono kifuani, kwamba bila yeye nusu ya ndoa za pwani hii ya Msumbiji zingekuwa uvumi tu. Shule aliiacha darasa la tano, au shule ndiyo iliyomwacha, hapo wasimulizi hatukubaliani. Lakini Kireno cha kompyuta anakisoma chote, na asichokijua anakibuni.

Kompyuta yenyewe aliibeba kichwani siku watu walipoukimbia mji kwa vita. Wenzake walibeba magodoro, na mkewe Zubaida hajamsamehe mpaka leo kwa habari ya lile godoro lao lililobaki. Waliporudi, nyumba haikuwa na paa, ila arusi zote zilikuwamo ndani ya mashine, salama salimini. Taabu ni kwamba zilikuwamo zote. Disko, ghala la kumbukumbu la mashine, lilikuwa limeshiba hadi kooni. Ukibonyeza kitu, mashine inaguna kama mzee anayeinuka mkekani.

Ndipo akaja Bi Alima kutoka Mbau. Akavua kandambili mlangoni, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema:

"Mwanangu Dauto, nimekuja kumtazama mume wangu."

Mumewe alifariki ukimbizini. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Uso wake haukubaki popote duniani isipokuwa kwenye arusi ya binti yao, aliyoipiga Dauto video kabla ya vita. Na arusi hiyo ilikuwa bado vipande vipande, haijaunganishwa, wala mashine iliyoshiba haikuweza kuvicheza. Kuunganisha kunataka nafasi, na nafasi ndiyo hiyo haipo.

"Mama, hesabu umeshamwona," akajigamba Dauto. "Nitatia disko kubwa, arusi zote zihamie huko, zijinyooshe."

"Si ufute nyingine upate nafasi?" Zubaida akasema kutoka jikoni. "Anza na walioachana."

"Na wakirudiana?"

"Basi futa yetu."

Hilo Dauto alijifanya hakulisikia. Akaagiza disko kwa Jamaldine, mfanyabiashara wa Namoto anayevusha vitu kutoka Tanzania. Jamaldine akalituma kwa dereva wa chapa, gari la abiria, na kwenye simu akaapa mpaka sauti ikamkauka: "Kaka, hili si la kuigiza. Hili orijino! Orijino kabisa!"

Neno hilo likamkaa Dauto kichwani, na huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Programu ya kuhamisha vitu ilikuwa ya Kireno, na haikutaka kujua mengi. Iliuliza disko lipi ni "origem" na lipi ni "destino". Dauto akacheka kwa dharau. Origem si ndiyo orijino? Mtoto mchanga anajua hilo. Akachagua jipya la Jamaldine. Na destino ni majaaliwa ya mtu, mwisho wake alioandikiwa. Basi hilo ni lile kuukuu, ambalo mwisho wake umeshafika. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayepiga muhuri.

Mashine ikatoa herufi nyekundu: "Disco pequeno demais."

Pequeno Dauto alilijua tangu darasa la kwanza. Dogo. Disko ni dogo mno.

"Dogo?" akaruka kitini. "Disko nililoagiza mpaka mpakani, linaitwa dogo?"

Akazima, akawasha. Dogo. Akabadilisha waya. Dogo. Akapuliza matundu, akayapangusa kwa spiriti, akasoma bismillahi, akabonyeza tena. Umeme ukakatika. Uliporudi, disko lilikuwa dogo vilevile. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Na kila asubuhi Bi Alima yupo benchini, amefikia kwa dada yake hapo jirani, miguu imekutanishwa kama mtu aliye hospitali.

"Amefika?" anauliza.

"Yuko njiani, mama."

"Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kuchelewa."

Maneno hayo, yaliyosemwa bila hasira, yalimchoma Dauto kuliko matusi. Akampigia Jamaldine simu.

"Umeniuzia ganda! Nje limeandikwa kubwa, ndani tumbo la panya!"

"Disko halina neno, kaka. Labda fundi ndiye pequeno."

Hapo Dauto akakata simu, akalifunga disko ndani ya kipande cha kanga ya Zubaida, akapanda chapa ya Namoto. Gari halijatoka mjini, abiria wote walikwisha kujua Jamaldine ni nani, amefanya nini, na atapigwa na mkono upi. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akamwomba amwachie kofi moja na yeye, maana aliwahi kuuziwa redio.

Njiani kuna kizuizi cha wanajeshi. Watu wakashuka, vitambulisho mkononi, kama kawaida. Askari, kijana wa watu, akachukua cha Dauto bila kumtazama.

"Origem?"

"Mocímboa."

"Destino?"

"Namoto."

Askari akamrudishia kitambulisho. Dauto hakukipokea.

Tangu siku ya kukimbia na kompyuta kichwani alikuwa ameulizwa maneno hayo kwenye kila kizuizi, na kila mara amejibu sawasawa bila hata kufikiri. Origem, unakotoka. Destino, unakokwenda.

"Chefe, mkubwa wangu," akasema polepole, "naomba uniulize tena."

"Umelewa, mzee?"

Hakulewa. Siku zote hizo alikuwa anaiamuru mashine ichukue utupu wa disko jipya iumwagie juu ya lile la zamani. Juu ya arusi zote. Juu ya mume wa Bi Alima. Na mashine, kwa adabu, ilikuwa inamjibu: huku hakutoshi, bwana, huku ni kudogo. Yeye akaitukana.

"Twende, mzee, ukampige mtu!" abiria wakaita.

"Nimemsamehe," akasema Dauto, akavuka barabara kungoja gari la kurudi.

Zubaida alimpokea mlangoni. "Vipi, baba watoto, umempiga?"

"Nimemwonea huruma. Ana familia."

Akaketi. Origem, la zamani. Destino, jipya. Mashine ikakubali hapo hapo, bila mguno, na hilo nalo lilimuudhi. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, akaanza upya. Ukakatika tena, akaanza upya, huku akiwatukana wote wanaohusika na nguzo na nyaya, mmoja mmoja. Mpaka siku moja kazi ikaisha, vipande vikaungana, na Bi Alima akaitwa asogeze benchi.

Kwenye kioo wanawake walipiga vigelegele, sinia la pilau likapita, kisha mwanamume mrefu mwenye kofia akaijaza picha yote, uso umekunjamana, akifoka.

"We Dauto! Toka mbele! Unatuzibia bibi arusi!"

Bi Alima akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo, mwenye kelele."

Umeme ukakatika.

Dauto alifungua kinywa kumwaga matusi yote aliyoyaweka akiba, lakini Bi Alima akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Yumo humo, nitangoja." Akalitazama lile disko kuukuu mezani. "Na hili utalitupa?"

Dauto akalichukua, akalifunga ndani ya kanga ya mkewe, fundo juu ya fundo.

"Hili?" akasema. "Mama, hili ndilo orijino."