Matundu ya Soli Kuukuu

Majirani walimwita Soli, naye aliitika. Alikuwa fundi viatu, meza yake ya kazi ikiwa barazani kwake, na tangu mkewe, nesi, apangiwe zamu za mchana, binti yao alishinda naye pale, gundi na misumari vikiwa vimepandishwa juu asikofika.

Binti huyo, Kibonge, alikaribia kutimiza miaka mitatu na hakujua kushika kijiko. Si ugonjwa, daktari alimtazama akasema mtoto mzima, ila mikono yake haijapewa kazi. Nayo ilinyimwa kazi kwa mapenzi tu. Shangazi yake, dada mkubwa wa Soli, alihamia kwao tangu mtoto azaliwe, na nyumba nzima ikawa inagombania kumlisha. Akifungua mdomo, kijiko kimefika. Akinyoosha mkono, kitu kishawekwa kiganjani. Mtoto aliishi kama bwana harusi asiyeishiwa sherehe.

Basi siku moja wakiwa mezani Soli akasema, "Kuanzia leo hakuna wa kumlisha. Atakula mwenyewe."

"Utamuua kwa njaa mtoto wa watu," dada yake akasema.

"Wa watu gani, dada? Ni wangu."

Shangazi alifungasha asubuhi yake. Akiwa mlangoni akaacha neno: atarudi mwezi ukiisha, na akimkuta mtoto vile vile, atamchukua akalelewe na wanaojua kulea. Halikuwa neno la kupuuza. Yeye ndiye aliyemlea Soli walipofiwa na mama yao, na maisha yake yote Soli hakuwahi kumkatalia kitu. Aliogopa, na hofu ikampandisha hasira.

Akaanza kazi. Kibonge alipewa bakuli la uji na kijiko; uji ukaishia kifuani, sakafuni, hata sikioni. Akapewa donge la unga alifinye, vibanio vya nguo avibane ukingoni mwa ndoo, makopo ayafunue vifuniko na kuyafunika tena. Kisha Soli akatafuta soli nene ya buti kuukuu, akaitoboa matundu makubwa, akachukua kamba ya kiatu na kuizungushia utepe kwenye ncha isilegee. Kazi ya Kibonge ilikuwa kupitisha kamba tunduni na kuivuta upande wa pili.

Kibonge aliitupa. Soli akaiokota. Akaitupa tena, akalia, akamnyooshea baba yake mikono kama alivyozoea. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana vidole vya fundi viliwasha kutaka kumalizia. Soli akaona dawa ni moja: akavuta kigoda karibu naye na kuikalia mikono yake mwenyewe.

"Fundi, viatu vyangu vinasubiri na wewe unacheza?" mteja mmoja alimwuliza.

"Viatu vyako vitasubiri, mama. Vidole vyake havisubiri."

Mteja akabeba viatu vyake akaondoka. Soli hakumwita. Jioni mkewe alipoambiwa alicheka, akasema, "Nikikukuta unamsaidia, nitakulisha na wewe."

Mwezi ukaisha na shangazi akaja kweli, na viatu vipya vya kamba kwa ajili ya safari. Alimkuta Kibonge na unga nywelani na uji uliokauka kidevuni.

"Nilijua tu," akasema. Akamfuta, akamvisha viatu, akazifunga kamba kwa mafundo mazuri ya kipepeo. "Niletee nguo zake."

"Haendi," Soli akasema.

"Unanijibu mimi? Mimi niliyekulisha kwa mkono huu?"

"Ulinilisha, dada, na nakushukuru mpaka kesho. Lakini haendi."

Wakaendelea kurushiana maneno, hakuna anayeshuka. Kibonge yeye alikuwa amekaa chini zamani. Alivuta ncha moja, fundo likafunguka. Akaingiza kidole chini ya kamba, akaitoa kwenye tundu moja, kisha jingine, ulimi nje, mpaka kamba yote ikabaki mkononi na kiatu kikaachama. Akakivua. Akaenda kwa baba yake na kiatu kimoja mguuni, akachukua ile soli kuukuu na kuanza kuipitisha kamba mpya.

Kelele zikakatika. Kamba ilikosa tundu, ikakosa tena, na shangazi akainama upesi, mkono mbele. "Lete nikusaidie, mama."

Kibonge akaisogeza soli mbali naye. "Mwenyewe."

Mkono wa shangazi ulibaki hewani. Soli akamsogezea kigoda.

"Kalia mikono, dada," akasema. "Ndivyo tunavyofanya hapa."

Shangazi akaketi, akasukuma mikono yake chini ya mapaja, mmoja baada ya mwingine, na hakusema tena habari ya nguo.