Aliyekanyaga Kabichi Zangu

Mimi ni mtoto wa Natta, na mtu wa Natta akiona wingu hushukuru kwanza, mengine baadaye. Kwetu mvua ilikuja kwa kujivuta, ikanyunyiza kidogo, ikaondoka bila kuaga. Ndiyo maana masika yangu ya kwanza Turwa, kule Tarime nilikoolewa, yalinipa raha ambayo sikujua niifiche wapi. Mvua ya Tarime haikuwa na maringo. Asubuhi jua lilitoka, tukaenda kupalilia wimbi, yaani ulezi, na jua lilipopita utosini mawingu yalifunga, maji yakamwagika mpaka karibu na saa ya ng'ombe kurudi zizini. Wenyeji walinung'unika kwamba nguo hazikauki na kuni zinatoa moshi. Mimi nilikaa mlangoni nikiitazama tu.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mume wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Nilibaki na wazazi wake. Nyumba zetu zilizunguka zizi la ng'ombe, kila moja ya udongo na nyasi, na yangu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, mlango ukitazama zizi na mgongo ukitazama shamba.

Nilikuja na jembe, sufuria mbili na kitabu kimoja. Kitabu alinipa baba yangu, ambaye alikuwa akifundisha watu kusoma katika kanisa la kwetu. Jalada lilikuwa limeshatoka na kurasa za mwisho hazikuwepo. Kilikuwa kisa cha mtu aliyepotelewa na ng'ombe wake mmoja akamfuata nchi kwa nchi, akiuliza kila mji. Baba alinifundisha kusoma kwa sauti, na mpaka leo kusoma kimyakimya kwangu ni kama kumeza bila kutafuna. Kwa hiyo mvua ilipoanza, nilisogeza kigoda karibu na mlango penye mwanga, nikasoma kwa sauti ya kushindana na mvua.

Mama mkwe hakujua Kiswahili; tuliongea Kikurya, ambacho hakiko mbali na lugha ya kwetu. Alichosikia yeye ni mkwe wake akiongea peke yake mchana kutwa. Alimweleza mzee, mumewe. Mzee na mimi hatukuzungumza ana kwa ana; hiyo ndiyo heshima ya huko. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hakai naye karibu, hamtazami usoni, na nikikutana naye njiani ni mimi ninayepisha na kugeukia kando. Kwetu nako tulikuwa na heshima hiyo, lakini kwa Wakurya ilikazwa zaidi. Basi neno la mzee lilinifikia kwa kinywa cha mama mkwe. Alisema hanikatazi kitabu kwa sasa. Ila masika yakiisha, ikionekana wimbi limemezwa na magugu, au nyuma ya nyumba yangu hakuna mboga ya maana, kitabu kitatumika kuwashia moto.

Niliitikia kwa adabu. Moyoni nilichemka. Nilikuwa na vitu viwili tu vilivyonifanya nisilie kwa upweke, udongo ule mweusi na kile kitabu, na sasa walikuwa wamevifunga kamba moja.

Nikaamua kuwaonyesha. Alfajiri nilikuwa shambani kabla ya mama mkwe. Nilipalilia kwa hasira, na hasira ni palizi nzuri sana. Nyuma ya nyumba nilitengeneza matuta, nikapanda mgagani, mnavu na maboga, vitu vinavyoota hata ukivitukana. Lakini nilitaka kitu cha kuwanyamazisha, na nilikuwa nimepewa misheni mbegu za kabichi. Kabichi ni mtoto mlaini. Miche yake ikipigwa na mvua ya Tarime ingali midogo, inalala matopeni haiamki. Nikaona mahali pa kuilea ni upenuni, pale chini ya nyasi za paa ambapo matone hayafiki, ukanda mwembamba unaofuata ukuta wa nyuma. Nikachanganya udongo na samadi, nikasia mbegu, nikawa naitembelea miche asubuhi na jioni. Kuna raha katika kuinama asubuhi udongo ukiwa unanuka, ukakuta kitu kilichokuwa hakipo jana. Sijawahi kuizoea raha hiyo.

Jioni moja nikakuta miche imekanyagwa. Si yote. Ilikuwa katikati, sehemu kama ya kukaa mtu, imebanwa kwenye udongo. Nikasema ni mbuzi. Nikaziba, nikasia tena pale palipoharibika. Baada ya siku chache, tena, palepale. Udongo wa samadi ulikuwa umefinyangwafinyangwa hata sikuweza kutambua ukwato. Nilimlaumu mbuzi mmoja mwenye pembe moja ambaye nilikuwa simpendi tangu siku ya kwanza, na nikaanza kumtupia maneno kila alipopita.

Siku hizo hizo mama mkwe alikuwa na jambo lake la kushangaa. Tukichambua mboga, aliniambia kwamba mzee ameanza kuongea habari za ajabu wakati wa kula. Bila kuulizwa, ameshika tonge mkononi, anasema kwamba ng'ombe aliyepotea wakati wa mvua hafuatwi kwa nyayo, maana nyayo zinafutika. Anafuatwa kwa mavi na kwa majani aliyoyauma. Anayefuata nyayo ni mjinga, na mjinga huyo asiwadanganye watu. Mama mkwe alimuuliza ni ng'ombe yupi aliyepotea. Hakuna, alijibu, ng'ombe wote wapo. Mama mkwe akaniuliza mimi kama nadhani uzee umemfika kichwani. Nikamwambia labda ni baridi.

Sikuunganisha mambo. Nawacheka watu wanaosema walijua tangu mwanzo, maana mimi sikujua chochote. Nilichokuwa nacho kichwani ni miche, na masika yaliyokuwa yakielekea mwisho. Nisipoihamishia kwenye matuta wiki ile, kabichi hazitafunga, na moto wa mama mkwe haukuwa mbali na kitabu changu. Nikaenda kijitoni, kwenye ule mti ambao miiba yake ni mirefu na myeupe, mti pekee wa aina hiyo pale karibu. Nikakata matawi, nikayalaza katikati ya miche pale panapokanyagwa, nikayafunika kwa nyasi kavu ili mbuzi mwenye pembe moja apate alichokuwa anakitafuta.

Mchana ule mvua ilinyesha kama kawaida. Nilikaa kwenye kigoda nikasoma. Mtu wa kitabu alikuwa amefika kwenye mto uliofurika na ng'ombe wake alionekana ng'ambo. Hapo nikasikia nyuma ya ukuta mguno mzito wa kiume, uliokatwa katikati kama wa mtu aliyejiziba mdomo. Nikaacha kusoma. Mvua ikaendelea. Nikajiambia ni ngurumo, nikamalizia ukurasa.

Kesho yake mzee hakutoka na ng'ombe. Alimwambia mkewe amechomwa na mwiba akiwa malishoni. Siku ya pili mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na mama mkwe akaja kwangu kuomba nimchemshie majani ya dawa. Mkononi alikuwa na mwiba alioutoa. Aliuweka juu ya jiwe la kusagia nisiukanyage.

Ulikuwa mrefu na mweupe.

Nilikaa chini. Hakuna ng'ombe aliyewahi kulishwa kijitoni kule, kulikuwa na mteremko mbaya. Nikatoka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikafunua nyasi. Tawi lilikuwa limevunjika, na kando yake, kwenye udongo laini chini ya ukuta, kulikuwa na alama ya kiatu cha ngozi ya ng'ombe na tundu la ncha ya fimbo. Mbuzi hatembei na fimbo. Nikakumbuka kwamba mvua ikianza mzee huwaachia vijana ng'ombe, na kwamba alikuwa askari enzi za ujana wake, na kwamba Kiswahili alijifunza jeshini, na kwamba katika mji ule mzima alikuwa ndiye mtu pekee aliyeweza kuelewa nilichokuwa nasoma.

Mwanzoni sikucheka. Niliogopa. Mke mgeni, mume yuko mbali, hana mtoto bado, amemtega baba mkwe kwa miiba. Wangenirudisha Natta na ng'ombe wa mahari wangedaiwa. Na mguu ukioza je? Nilichemsha dawa asubuhi na jioni, nikampa mama mkwe apeleke, na kila aliporudi nilimtazama uso kabla hajasema neno. Kitabu sikukigusa. Mvua ilinyesha mchana wote na mimi nikakaa nayo mikono mitupu. Nilitaka kumwambia mama mkwe, lakini kila nilipofungua mdomo niliona kwamba nitakuwa nasema pia kwamba mumewe husimama nyuma ya nyumba ya mkwe wake. Hilo lilikuwa baya kuliko mwiba.

Uvimbe ukaanza kushuka. Mama mkwe aliponiambia kwamba mzee ameomba kiatu chake, nilienda nyuma ya zizi nikalia kidogo kwa furaha, kisha nikarudi kuhamisha miche iliyosalia. Ilikuwa imechelewa, lakini niliipanda.

Mchana mmoja, mvua imeshika kasi, nilikuwa nachambua kunde. Nikasikia fimbo ikigonga ukuta wa nyuma, taratibu. Halafu sauti ya mzee, kavu, ya mtu anayeongea na asiyekuwepo.

"Wewe ukuta," alisema. "Sisemi na mtu mimi. Nasema na wewe."

Nikashikilia ungo.

"Ile ng'ombe ilivuka mto ama haikuvuka? Siku nyingi sasa nangoja. Na hapa chini kama iko miiba tena, uniambie mapema, mura, kijana wangu, mguu ni huu mmoja tu umebaki mzuri."

Sikuweza kumjibu, isingekuwa heshima. Nikachukua kitabu, nikasogeza kigoda mpaka ukuta wa nyuma, kwenye giza, nikalazimika kuuinua ukurasa kuelekea mlangoni ili nione. Nikasoma. Ng'ombe alivuka. Nilipofika mahali mtu yule anapoinama kutafuta nyayo kwenye tope, nilisikia ukuta ukiguna kwa dharau, nikajiuma mdomo nisicheke. Sijui kama nimewahi kupumua vizuri hivyo tena.

Asubuhi iliyofuata nilitoa mabaki ya miiba yote upenuni. Nikasawazisha udongo, nikatafuta jiwe bapa, nikaliweka pale penye ukuta. Mama mkwe alilalamika kwamba naacha ardhi nzuri yenye samadi ikae bure. Nilimwambia pale hapaoti kitu.

Masika yakaisha. Wimbi lilikuwa safi. Mgagani na mnavu tulikula mpaka tukawagawia majirani, na kabichi, pamoja na kuchelewa, zilifunga, ndogo lakini ngumu. Sikupika hata moja kabla ya hukumu. Jioni moja mama mkwe aliwapelekea wanaume chakula uani, nami nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni kwake kusikiliza. Alimkumbusha mzee habari ya kitabu. Alisema, kwa haki, kwamba shamba ni safi, ila mboga za nyuma ya nyumba mzee mwenyewe hajaziona, basi aende akazione au amtume mtu.

Mzee alitafuna, akameza. Alikasirika kidogo, au alijifanya. Alimuuliza mkewe ni lini amesikia mwanamume mwenye heshima zake anapita nyuma ya nyumba ya mke wa mwanawe. Yeye hajawahi kufika huko na hatafika. Kitabu kiachwe, hakijamkosea mtu.

Kisha akaosha mikono, na alipokuwa anaikung'uta maji akaongeza kwamba kabichi ya tatu kutoka mwisho, ile iliyo karibu na boga, ina wadudu, mkwe aiangalie.